Siku ya Tisa

Tuliiona bahari saa nne asubuhi
na hakuna aliyepiga kelele.
Fermín alidhani ni bonde jingine la chumvi,
kama lile la juzi lililotutania mchana kutwa.
Nyumbu ndiye aliyejua: alisimamisha masikio,
akavuta kamba, akaniburuza mteremkoni
kama mtoto anayemburuza mama yake dukani.

Pasifiki tuliiacha ndani ya ukungu,
mwani umelala mchangani kama mipira ya maji iliyochanika.
Nilichovya buti zote mbili, kwa kuwa baba alisema
ndivyo ifanywavyo: lowesha huku,
kausha njiani, lowesha kule.
Baba, Eulalio Arce, aliyeivuka nchi hii nyembamba
kwa siku sita, mara saba,
gunia la samaki mkavu mgongoni.
Kila Jumapili alitupangia njia mezani kwa maharagwe:
mekundu milima, meusi mabonde,
na moja jeupe, peke yake, kisima.

Maharagwe hayakusema kuhusu choya,
mmea unaokurukia kama deni la zamani.
Hayakusema kuhusu upepo wa saa nane,
wala mwanangu, mtu mzima mwenye ndevu,
akilia kimya kwa ajili ya soksi.
Siku ya nne tulikifikia kisima.
Kilikuwa kimekufa. Ndani yake ng'ombe,
au tuseme ngozi iliyokuwa bado inashikilia pembe.
Tulipita bila kuvua kofia, kisha Fermín akarudi akaivua.

Usiku wa sita nilipiga hesabu:
baba angekuwa amekwishafika,
anakula chaza kwa ndimu, miguu majini.
Nami niko chini ya kardoni
mrefu kuliko kanisa la kwetu,
nachomoa mwiba kwa meno
na kuona haya mbele ya marehemu.

Basi, bahari. Ghuba tulivu, kijani,
kama sahani iliyosahauliwa mezani.
Kibanda kimoja, jiko la makaa,
na Bi Encarnación akipasua chaza.
"Mmetoka wapi?"
"Pasifiki."
"Kwa miguu? Kwani basi limeharibika?"

Nikamtajia baba. Nilitaka ashangae.
Alicheka mpaka akaweka kisu chini.
"Eulalio wa masharubu! Huyo alikuja na lori la chumvi,
amelala juu ya magunia, kofia usoni.
Likizimika mlimani, alishuka akasukuma kidogo.
Huo ndio mwendo wake."

Njia ya mwongo ni fupi, husema watu.
Hawajaivaa hii miguuni.
Hii ina siku tisa, kucha mbili zilizong'oka,
viroba vya maji tulivyovifinya kama nguo
kupata tone la mwisho.

Nilikaa juu ya jiwe nikiingoja hasira.
Nikaingoja kwa adabu, kama mgeni aliyepiga simu.
Haikuja. Kilichokuja ni kidole chake
kikitembea kati ya maharagwe,
taratibu, kikikwepa mahali ambapo nami nilikwepa,
kikisimama kwenye lile jeupe.
Na kisima kilikuwa pale. Pale pale,
nusu siku kutoka korongo lenye mitende mitatu.
Hakuna barabara pale.
Lori halijawahi kupita pale.

Sikumwambia Bi Encarnación.
Nilimlipa chaza kumi na mbili, nikaomba ndimu zaidi.

Maji yalikuwa vuguvugu, ya kuogeshea mtoto.
Buti zilinywa taratibu, zikatoa mapovu.
Fermín akasimama kando yangu, suruali imekunjwa,
vifundo vyake vimevimba kama maembe mabichi.
"Mama," akasema, "nyumbani tutasema tumetumia siku ngapi?"

Niliitazama milima, mekundu, mekundu,
na nafasi zilizoachwa katikati.

"Sita," nikasema.

Nyumbu, aliyekuwa amejaribu kunywa ile bahari,
akapiga chafya.